Maua Mekundu ya Uwanjani

Leo asubuhi, nikipalilia bustani yangu hapa Juba, jembe lilipasua kitunguu cha ua jekundu la mwituni, na harufu yake kali ikanirudisha uwanjani kwetu, Nesitu.

Mama aliyatoa maua hayo porini, akayapanda kwenye jua kali pale uwanjani, juu ya mahali alipozikwa mdogo wangu mchanga. Ukame haukuyaua, kila mvua ya kwanza yalichomoza upya. Lakini kwetu uwanja wa heshima hufagiliwa ukabaki mtupu, ili nyoka wasipate maficho. Mchana mmoja baba alirudi, akachukua maloda, jembe letu fupi.

"Nyoka iko ndani ya hii majani," alisema.

"Baba watoto, hiyo ni alama ya mtoto."

"Kwani hapa iko nyumba ama makaburi?"

Mama alilala kifudifudi juu ya maua. Baba alimvuta kwa nywele, akampiga kwa mpini mpaka mkono wa mama ukavunjika, kisha akavikatakata vitunguu na kuvirusha kila upande. Sijawahi kukubali kwamba hasira ni udhuru.

Alidhani amemaliza kazi. Mvua ziliporudi, kila kipande kilichoshika udongo kilianza kuota, na baadaye uwanja mzima ukawa mwekundu. Mama alizunguka humo asubuhi nzima, ameushikilia mkono wake uliopinda, akiinama hapa na pale, akitafuta ni ua lipi lililokuwa la mtoto.