Malengelenge kwenye Jiko la Mama Tusekile

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa brashi. Alinipa msasa na mlango wa lori uliojaa kutu. "Binti, rangi inapakwa kwa msasa," akasema. "Brashi inakuja kumalizia tu." Nilisugua hadi jioni, nikimlaani kimoyomoyo. Karakana yetu ilikuwa Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia, na wanawake mle tulikuwa mimi na mama lishe.

Baadaye nilipelekwa kwenye machimbo ya Saza kupaka makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, chini ya Msimamizi mkali kama pilipili. Niliporudi Tunduma nikiwa Fundi Rangi kamili, watu walikuwa wameanza kuagiza majiko ya moshi, yale mapipa ya chuma yenye mfuniko ambamo nyama huiva taratibu. Nje hupakwa rangi ya kuhimili moto, tabaka jembamba juu ya jembamba. Ndani ni mafuta ya alizeti tu.

La mteja wetu Mama Tusekile tulilipaka asubuhi ya ukungu, chuma kikiwa na umande. Alhamisi akaliwasha mara ya kwanza, tena kwa magogo. Rangi ikafura malengelenge, harufu ya rangi ikajaa uani. Na Jumamosi ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake wa pekee anayeolewa! Alikuja analia.

"Mkuu, jiko limeota tetekuwanga! Wakwe nitawalisha nini?"

Mafundi wenzangu wakaanza kumlaumu. Mkuu akawakatiza. "Moto mkubwa ni wake. Umande ni wetu. Kwangueni."

Tulikwangua hadi chuma kitupu. Ijumaa jua likagoma kutoka, Mama akasihi tupake hivyo hivyo.

"Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, mama," Mkuu akasema. "Subiri."

Mchana jua likachomoza. Tulipaka, tukaacha ikauke, kisha tukawasha magunzi ya mahindi, moto mdogo, tukiuongeza kidogo kidogo ili rangi ikomae.

Jumamosi Mama alimletea Mkuu sahani ya kwanza, mbele ya wakwe. Mkuu akainama, akanusa, akanusa tena. Alikuwa anatafuta harufu ya rangi.

"Nyama," akasema, akaanza kula. Mama Tusekile alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mkuu ameshatangulia mbele ya haki, nami nimestaafu. Namkumbuka mno mzee yule. Nikialikwa kwenye sherehe, naisogeza sahani puani kwanza, nanusa, nanusa tena. Wanangu wanaona aibu, wananikanyaga mguu chini ya meza.