Shangazi Funika na Dhamana ya Nyongeza

Shangazi yangu ni msusi, na mtaa mzima unamwita Funika. Makochi yake hayajavuliwa plastiki ya dukani, rimoti imevishwa mfuko wa nailoni, na vitana vya kazini hulazwa ndani ya taulo kama watoto wachanga. Baba yangu, kaka yake, alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Sikuwahi kunyeshewa. Nampenda, lakini kwa hili la laptopu alinikasirisha kweli.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na tasnifu ilikuwa inanisubiri. Shangazi alisuka vichwa mpaka vidole vikakakamaa, akanipeleka dukani kununua laptopu. Muuzaji, kijana mwenye tai na ulimi wa asali, akamwinamia.

"Mama, wanafunzi hawana mikono ya kutunza. Chukua na dhamana ya nyongeza, ulale usingizi."

Nikamvuta shangazi pembeni. "Mwaka wa kwanza kiwanda chenyewe kinatoa dhamana bure, na chuo namaliza kabla mwaka haujaisha. Ya nini tena?"

"Akili ni nywele," akasema, "na zako bado fupi. Kinga ni bora kuliko tiba."

Akalipa. Pesa ilipokwisha kuingia kwenye droo ndipo yule kijana akakumbuka masharti. "Ila ikianguka, ikilowa, au ikifunguliwa na fundi wa nje, dhamana imekufa."

Niambie, laptopu ya mwanafunzi huharibika kwa njia gani nyingine? Huu ulikuwa wizi wa mchana kweupe, tena wa kutabasamu. Shangazi yeye alisikia maneno mawili tu: dhamana imekufa. Tangu siku hiyo hakuilinda laptopu tena, alilinda dhamana.

"Hosteli haiendi ng'o," alisema. "Huko watu wanakunywa chai."

Aliifunga kwenye nailoni, akaizungushia shuka, akaifungia kabatini, kwenye chumba chenye joto la bati, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Nikitaka kuandika, ninawe mikono, nikaushe, na yeye akae mbele yangu kama msimamizi wa mtihani. Nilichoka. Nikasusa, nikawa napanga foleni kwenye maabara ya kompyuta ya chuo na kuazima za wenzangu, huku yangu ikilala kabatini miezi na miezi.

Wiki ya kukabidhi tasnifu, maabara ikafurika na kila mwenzangu akawa na yake ya kumaliza. Nikaenda kumlilia shangazi. Akafungua kabati, akakunjua shuka, akavua nailoni. Kibodi ilikuwa imefura katikati kama andazi, na mashine haikuwaka.

Mnajua alifanya nini? Alitabasamu! "Si nilikwambia? Leo ndiyo siku ya dhamana."

Dukani tulimkuta kijana yule yule. Aliigeuza, akaigonga kwa kucha. "Betri imevimba, mama. Imekaa sana bila kuchajiwa, tena kwenye joto. Betri haimo kwenye dhamana, ya kiwanda wala ya nyongeza. Ni kitu cha kuchakaa."

"Imechakaaje na haijatumika?" nilifoka.

"Ndiyo tatizo. Ilitakiwa itumike."

Nilitaka kuruka kaunta. Kijana akatuacha hapo hapo, akamgeukia baba mmoja aliyesimama na binti yake. "Mzee, wanafunzi hawana mikono ya kutunza..."

Shangazi akaichukua laptopu, akaisukuma mbele ya yule baba, uvimbe wote juu.

"Kaka yangu, tazama. Haijaanguka. Haijalowa. Haijafunguliwa. Haijatumika hata. Sasa muulize, dhamana yake inalipia nini?"

Baba akamtazama kijana. Kijana akaanza kurekebisha tai. Binti akamshika babake mkono, wakachukua laptopu yao peke yake, bila dhamana, wakaenda zao.

Fundi wa mtaani alibadilisha betri siku ya pili. Siku ya kukabidhi ilikuwa imeshanipita, na chuo hukata alama bila huruma. Nilikaa kwenye kochi la plastiki nikichapa, bado nimenuna. Shangazi akaja na kikombe cha chai, akakiweka pale pale, kando ya kibodi.

"Kesho nenda nayo hosteli," alisema. "Ikivunjika, ivunjikie kazini."