Mfuko wa Kroshia

Devota ni fundi cherehani pale Kilolo, na ukimsikia akijisifu utadhani alizaliwa na sindano mkononi. Sketi za shule, magauni ya kipaimara, mapazia, vyote vimepita kwake. Plastiki ndiyo iliyomtia adabu.

Shangazi yake, Rozalia, ndiye aliyemlea na kumfundisha kushona. Mama huyu hufuma vitambaa vya meza na vya altare, lakini macho yameanza kumtupa mkono. Basi akanunua plastiki nzito inayoonyesha, ile ya kufunikia meza, akamletea Devota amshonee begi la vifaa vya kufumia, lenye mifuko ya zipu.

"Nataka niuone uzi kabla sijafungua," alisema. "Na kroshia ya marehemu mama, ile sindano yake ya kufumia, iwe na mfuko wake peke yake."

Devota alikata mifuko, kipande kikubwa kikabaki. Mezani kwake kulikuwa na kitambaa ambacho shangazi huyo huyo alimfumia alipoolewa. Akakifunika kwa kile kipande, akajiambia shangazi hatakihitaji kipande hicho.

Alipofika kwenye mfuko wa kroshia, zipu ikaenda upande. Akafumua, akashona tena, kwa mishono ya karibu karibu kama anavyoshona nguo. Sasa, nguo ukiifumua matundu hujiziba. Plastiki haina huruma hiyo. Sindano ikishatoboa imetoboa. Matundu yalijipanga kando ya zipu, na Devota aliyaona kwa macho yake mawili. Fundi mwenye haya angekata kipande kipya. Lakini kipande hicho kilikuwa mezani, kinang'aa, na wageni walikuwa wameshakisifia. Akapitisha mshono mwingine juu ya matundu, akapeleka begi.

Shangazi alilibeba kila mahali. Siku moja akitoka kwenye mkutano wa akina mama parokiani, ule mfuko ulichanika kufuata matundu, kroshia ikadondoka njiani. Aliitafuta mpaka akachoka, asiipate. Akaenda moja kwa moja kwa Devota, akakaa mezani.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuharibia kazi. Nadhani zipu niliivuta kwa nguvu. Mikono hii siku hizi haina adabu."

Devota alitamani ardhi ipasuke immeze. Angekemewa, angejitetea, lakini kuombwa msamaha na mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea, hilo hakuliweza. Akaondoa vikombe, akaibandua plastiki mezani, akachukua mkasi.

"Siyo mikono yako, shangazi. Niliutoboa mimi kwa kufumua, nikaona, nikanyamaza. Kipande kingine kilikuwepo. Ni hiki, na ni chako."

Rozalia alipapasa kitambaa chake kilichobaki wazi.

"Plastiki nilijua," akasema. "Niliigusa siku ile uliponipa chai. Nikafurahi kitambaa changu kimetunzwa. Nilidhani umenibakizia ya kutosha."

Devota alishona saa ile ile, mishono mirefu, mara moja tu, machozi yakimziba macho. Alipouliza mfuko mpya uwe wa nini, shangazi alijibu kwamba ni wa kroshia, pale pale ulipokuwa.

Siku hizi wakikaa pamoja kanisani, begi huwa katikati yao kwenye benchi. Devota hujitahidi kumtazama padri. Lakini mfuko huo unaonyesha vizuri, zipu imenyooka, na ndani hamna kitu.