Fundi Sikio na Simu ya Mkunga

Umenikalia kooni niandike habari za mdogo wangu, na mkono wenyewe huu unashika kalamu kama unashika mwiko. Haya. Ila asinisahihishe mtu.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Kipimo cha umeme hakuwahi kununua. Alipima kwa sikio, na wenye vipimo aliwacheka. Siku moja mkunga akamletea simu yake ya nyumbani, ile isiyo na waya. Haiiti, haisemi, na wajawazito hawana namba nyingine ya kumpata.

"Saa kumi naifuata, fundi. Nina mama wa mapacha, siku zake zimefika."

"Saa kumi utaikuta inaimba."

Akaanza kama kawaida yake. Betri akaigusisha na kibalbu cha tochi: kikawaka. Vyuma vya kuchajia vilikuwa na kutu ya kijani, akavisugua kwa kifutio cha penseli. Kisha akawasha kiredio chake, akakisogezea mkono wa simu, akabonyeza kitufe. Simu iliyo nzima, ukiibonyeza karibu na redio, huikwaruzisha. Akatega sikio. Kimya. Akakaza sauti ya redio mpaka mwisho. Kimya vilevile.

"Antena imekufa hii," akajisemea. Akaifungua simu, akaing'oa antena, akatia nyingine. Kimya. Saa nane ikapita, jasho linamtoka, kichwani anamwona mama wa mapacha akipiga, akipiga.

Mkewe akaingia na chai, akasimama mbele yake, kakunja uso.

"Baba, zima dude hilo! Majirani watatutukana."

"Dude gani?"

"Redio! Tangu saa saba inatukwaruza. Umeshakuwa kiziwi, mzee wangu?" Akacheka.

Yeye hakucheka. Akaweka kiganja juu ya redio. Ilikuwa inatetemeka.

Simu ilikwisha kupona tangu kwenye kifutio.

Mkewe akamtazama, kicheko kikamkauka. Akavuta kigoda. "Irudishe antena yake. Mimi nitakusikilizia."

Fundi akachomelea, akabonyeza kitufe. "Inasema?"

"Inasema."

Mkunga alipokuja akalisifu sikio lile. Fundi ameinamia meza, hakuinua uso mpaka mkewe akamgusa bega. "Anakushukuru."

"Eh. Asante."

Kigoda hakijaondoka pale. Wateja wanadhani wifi yangu anafuma tu. Jioni wawili hao wakifunga duka, fundi huifungia redio kabatini.

Sasa wewe uliyeniandikisha, beba kitu chako kibovu umpelekee kesho. Simama mbele yake akuone mdomo, useme taratibu. Na ole wako umpigie kelele.