Mtafiti Anayeanzia Jikoni

Saa tatu asubuhi ukungu bado umelala juu ya mahindi, na Rosaline Nelima ameketi katika jiko la watu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, akichambua maharagwe. Fomu zake zimo ndani ya mfuko chini ya kiti. Hajazitoa.

"Ukitoa karatasi mapema, nyumba inakuwa ofisi," anasema taratibu. "Acha mikono ifanye kazi kwanza."

Nelima, 44, mkazi wa Kitale, ni mhoji katika utafiti unaofuatilia kumbukumbu za wazee. Huwasomea maneno kumi, nao huyarudia. Huwaomba wachore saa. Huwauliza leo ni siku gani. Umri wao mara nyingi huukadiria kwa mwaka wa jando: Mzee Wekoye, mwenye boma hili, hajui alizaliwa lini, lakini anajua alitahiriwa 1962.

Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi 1,200 kwa siku. Tangu Februari amefika katika maboma 186. Ni moja tu linalomsumbua moyoni, nalo ni hili.

Aprili, Mzee Wekoye alirudia maneno matano kati ya kumi. Ni alama za katikati, ambazo peke yake hazisemi kitu. Kilichobaki kilikuwa kumuuliza jamaa anayemjua mzee vizuri. Nelima akamuuliza Wamalwa, mwana wa kwanza, mwenye duka Kitale, ambaye huja nyumbani Jumamosi.

"Baba yuko sawa, madam. Ni uzee tu. Hata mimi nasahau funguo," Wamalwa alimjibu huku akicheka.

Nelima akaandika: hakuna mabadiliko.

Julai, mzee alivaa ovaroli yake ya zamani, akatoka. Mwendesha bodaboda mmoja alimkuta Webuye, ameketi kando ya ua wa kiwanda cha karatasi alikostaafu miaka mingi iliyopita, akisubiri zamu yake. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alimsimulia jinsi karatasi inavyotoka kwenye mashine, nyeupe, pana, haina mwisho, kama mto uliosinzia.

"Nilimkosea," anasema Nelima. "Niliuliza mtu wa Jumamosi. Mwenye anamwona kila siku alikuwa huku jikoni, na mimi sikuingia."

Mwenye kumwona ni Phelista, mke wa Wamalwa, anayechambua naye maharagwe sasa. Katika boma hili desturi ya Kibukusu bado inashikwa: mke wa mwana haketi chumba kimoja na baba mkwe, wala hamshiki mkono. Phelista huweka chakula mezani na kuondoka, ndipo mzee huingia. Lakini kupitia mlango wa jiko, hakuna kinachompita.

Nelima alikiri kosa lake kwa msimamizi wake, Dkt. Jepchumba. Hakufokewa. Aliambiwa arudi na fomu mpya: ikikamilika leo, mzee ataonwa Alhamisi na daktari wa ubongo anayekuja Kitale mara moja kwa mwaka. Isipokamilika, atasubiri mwaka mwingine.

"Mayi, mzee anaendeleaje siku hizi?" Nelima anauliza sasa, akimwita mama kwa Kibukusu.

Phelista hainui kichwa. "Si bwanangu alishakuambia? Nikisema ingine, watu watasema ati naita mzee mwendawazimu ndio nikule shamba."

"Na usiposema?"

"Ataenda tena Webuye."

Maharagwe yanadondoka kwenye sufuria. Nje ukungu umeshaondoka na mzee anaota jua, uso wake kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali. Mara anaita bila kugeuka:

"Wewe wa fomu! Leo huniulizi siku?"

"Nitakuuliza, kuka," Nelima anamjibu, akimwita babu.

"Wacha bana, mimi nitakudanganya. Uliza huyo mama wa jikoni. Yeye ndio anajua kofia yangu inalala wapi."

Phelista anacheka nyuma ya leso yake. Kisha anaeleza. Ni mwaka na zaidi mzee anaomba chai aliyokwisha kunywa. Humsalimu marehemu mkewe kando ya tangi la maji. Huanika ovaroli iliyo kavu.

"Saa zingine anatembea kwa mahindi pole pole, kama mtu ako ndani ya ndoto. Na ni ndoto mzuri, madam. Naogopa kumwamsha."

Fomu inajaa. Phelista anatia sahihi, halafu anampigia mumewe simu yeye mwenyewe, amweleze yote.

"Mbona hukuniambia?" sauti ya Wamalwa inauliza.

"Jumamosi unakujanga na haraka."

"Sawa. Alhamisi nitafunga duka."

Mkataba wa Nelima unaisha Novemba. Kabla ya hapo anataka swali moja liongezwe juu kabisa ya fomu: nani humpikia mzee? Dkt. Jepchumba amekubali lijaribiwe katika maboma arobaini yaliyobaki.

Lakini kwanza Alhamisi. Daktari atataka kumsikia Phelista mwenyewe, mzee akiwepo. Wamekubaliana Wamalwa asafiri na baba yake, na Phelista apande gari lingine.

"Benchi ya kliniki ni ndefu, nimeiangalia," anasema Nelima. "Kuka upande wa dirisha, Phelista upande wa mlango. Mimi nitakaa katikati."