Vilima Vilivyopigwa Nyundo

Vilima vile vilikuwa na mlio. Ukikanyaga, chini ya nyayo palilia kama vigae vya chungu, na ukiinama uliona kuwa si vigae bali konokono wa maji waliogeuka mawe, wamejaa kila mahali, katika nchi kavu ambayo haikuwa na maji ya kumtosha hata kuku. Sisi wa Butembo, mji wa ukungu na sweta za asubuhi, tuliliona bonde la Semliki kama dunia nyingine: jua la kuchoma utosi, miiba, na vilima vya matabaka, jekundu chini, la njano katikati, jeupe juu, kama vitenge vilivyokunjwa dukani. Nilikuwa mtoto wa kike nisiyechoka kuuliza, na ilikuwa miaka ya vita, wakati kila kipande cha barabara kilikuwa na wenye bunduki wake.

Hatukwenda huko kutalii. Baba yangu alikuwa ameuawa kwenye njia ya Manguredjipa alikokwenda kuwauzia nguo wachimba dhahabu, na hatukuambiwa kamwe ni nani aliyemuua wala kwa kosa gani. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikupakwa. Katika ukoo wetu nyumba ya msiba huachwa na masizi yake mpaka siku ya kuondoa kilio, au kutosha kilio kama tusemavyo kwetu, na siku hiyo mjane mwenyewe huipaka, kwa udongo alioutoa kwao alikozaliwa: mweupe kwenye kuta zote nne, na mkanda mwekundu chini. Maana yake ilijulikana na kila mtu. Mwanamke huyu naye ana kwao. Amemlilia mumewe, amemaliza. Nyumba sasa ni yake na watoto wake. Asipopaka, anabaki katika nguo nyeusi chini ya amri ya shemeji zake, na baba mkubwa alikuwa ameshaanza kukipima kiwanja chetu kwa macho. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikaa nje ukutani, ameapa kutoingia ndani mpaka auone weupe. Misa ya baba, ndiyo siku yenyewe ya kuondoa kilio, ilikwisha kupangwa. Na kwao mama kulikuwa kule bondeni.

Tulipanda juu ya lori lililokuwa likielekea Kasindi kuchukua chumvi: mama, mimi, na mama mdogo Kahindo, ambaye hata msibani hakuishiwa na mzaha. Baada ya Beni joto lilitupokea usoni kama mvuke wa sufuria. Tuliteremka kabla ya daraja la Semliki, tukaacha barabara, tukatembea kwa miguu asubuhi nzima kati ya vilima, mama mbele, akiifuata njia aliyoijua tangu utoto wake. Mimi nilibaki nyuma kila mara. Niliona samaki wa jiwe, magamba yake yamepangika vizuri kuliko ya samaki wa sokoni. Niliona taya kubwa kama kigoda likichungulia kwenye ukingo, meno yake meusi yanang'aa.

"Mama, nani alileta samaki huku juu?"

"Ziwa njo lilikuwaka hapa," mama alijibu bila kugeuka.

"Na sasa lilienda wapi?"

"Lilikimbia vita sawa batu bote," alidakia mama mdogo. "We Kavira, unauliza sawa mutu wa bureau! Kesho utaomba ziwa kitambulisho."

Mama alicheka. Tangu kifo cha baba sikuwa nimemsikia akicheka. Kwenye tabaka jeupe alipiga magoti, akaukwangua udongo kwa jembe dogo, na kuwachambua konokono mmoja mmoja kama anayechambua mchele, kwa sababu konokono akibaki kwenye ukuta hudondoka na kuacha tundu. Nilipotaka kuling'oa lile taya alinikataza. "Liache. Hata mufu wa mawe iko na fasi yake." Tulijaza mifuko, mikubwa ya udongo mweupe na mmoja mdogo wa mwekundu, tukajitwika, tukarudi barabarani.

Kwenye kizuizi cha wenye bunduki palikuwa na kamanda aliyeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai.

"Mama, iko nini mu mifuko?"

"Udongo, papa. Ya kupakala nyumba. Niko mujane, tunatosha kilio."

"Udongo! Batu banatoka Butembo na lori juu ya udongo? Unatuona sisi batoto?"

Siku zile koltani, madini ya kutengenezea simu, ilikuwa imewatia watu wazimu. Kila jiwe zito lilishukiwa, kila mtu mwenye mfuko alikuwa mwizi wa utajiri. Kamanda alichota udongo, akaulamba, akafumba macho kama padri anayeonja divai. Kisha akasema ni mzito mno kuwa udongo. Mama alimweleza tena, kwa heshima, kwa majina yote ya heshima aliyoyajua. Mwenye nguvu mpishe, wanasema wahenga. Mama alimpisha, lakini kamanda hakuridhika na kupishwa. Aliwakusanya wakulima waliokuwa wakipita na majembe yao, akamwamuru mama awaongoze kurudi vilimani.

Walichimba mpaka jua likazama, na kesho yake tena. Mama na mama mdogo walichimba pamoja nao, mimi nikibeba vifusi kwa beseni. Waliubomoa ukingo mzima. Kila jiwe lenye umbo walilipiga nyundo kuona kama limeficha kitu tumboni. Samaki alipasuka, ndani yake mlikuwa na jiwe. Lile taya walilipiga mpaka meno yakaruka, na askari mmoja akaokota jino, akalitazama, akalitupa. Mpaka leo naliona lile jino likiruka.

Hatimaye alifika mnunuzi wa madini kwa pikipiki kutoka Beni. Alichota udongo kidogo, akausugua kiganjani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mais commandant, hii njo ya kupakala nyumba!"

Mtu anaweza kudhani kwamba tulirudishiwa mifuko yetu. Kamanda, kwa aibu yake, aliamuru udongo wote, mweupe na mwekundu, umwagwe kwenye mashimo ya barabara mbele ya kizuizi. Malori yakaukanyaga tukitazama. Mama mdogo alifungua mdomo kusema neno, mama akamshika mkono.

Tulifika nyumbani tumebakiwa na siku moja kabla ya misa. Mama alituvua nguo zetu, zilizokuwa nyeupe kwa vumbi la kule kilimani, akazikung'uta na kuzifua ndani ya beseni, akaacha maji yatuame. Chini palibaki matope meupe kidogo. Kwa hayo aliupaka mlango, miimo yake miwili na kizingiti cha juu, basi. Watu wa ukoo walipofika, baba mkubwa aliguna kwamba mlango si nyumba. Bibi alinyanyuka ukutani, akaugusa ule weupe, akaunusa, akamwambia mwanawe huyo, "We Paluku, hapana ongea. Nimeona." Akaingia. Mama alivua nguo nyeusi, kiwanja kikabaki chetu, lakini sikuona furaha usoni mwake. Nyuma yake kuta zilisimama na masizi yake.

Nimezunguka sana tangu hapo. Shule niliiacha mapema. Nimewapikia wachimbaji Manguredjipa, nimekausha kakao Mabalako, nimebeba mizigo Kasindi, na kila nilipofika niliuliza habari za mawe. Katika jumba la makumbusho la nchi jirani nilimkuta konokono wa jiwe kama wetu ndani ya kioo, na taa yake peke yake. Mlinzi aliniomba, kwa adabu, nisiegemee kioo. Huko konokono aliyekufa ana mlinzi. Kwetu, hata leo, mtu hai akishuka bondeni bado anaulizwa amebeba nini, na anayeuliza ameshaamua kutoamini jibu.

Husemwa kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Naikataa methali hiyo. Nyasi hazina mdomo. Mama alisema, akasikiwa, akapuuzwa. Na siku hizi, kwenye harusi, ndugu zangu huisimulia habari ya mlango ule wakipiga makofi: "Munaona bamama betu! Butembo haishindwake!" Mimi sipigi makofi. Ipo sifa ambayo ni tusi lililovikwa kitenge. Kila wanapomsifu mama kwa kuupaka mlango kwa maji ya kufulia, hakuna anayeuliza kwa nini ilimbidi. Mjane yule alikuwa na haki ya kuta nne.