Maziwa ya Wegesa Yalipogeuka Machungu

Saa kumi na mbili asubuhi, Wegesa Marwa amekwisha kukamua. Anafunika ndoo ya maziwa, anaiweka mahali pa ubaridi, kisha anavaa soksi mikononi. Ni soksi za shule za mwanawe, na zinamkinga na muwasho. Anainama pembeni mwa malisho, anashika mmea wenye majani kama ya karoti na kuung'oa pamoja na mizizi yake.

"Huu haujachanua," anasema huku akiutupa kwenye rundo la kuchomwa moto. "Ukichanua tu, mimi nimechelewa."

Wegesa, mwenye umri wa miaka 46, ni mfugaji na muuza maziwa katika Kata ya Ringwani, wilayani Serengeti. Kwa siku hupata lita tisa hivi, na nyingi huishia kwa Rose, mama mwenye mgahawa pale senta.

Mmea huo aliuona kwanza kando ya barabara, baada ya malori kumwaga kifusi. Ulikuwa na viua vyeupe vya kupendeza. Hakuna aliyeujali. Msimu uliofuata ulikuwa umeingia kwenye malisho ambayo familia yake inatumia pamoja na shemeji yake, Heche, na ambayo ng'ombe walikuwa wameyala mpaka udongo ukabaki mtupu.

"Ng'ombe akikosa nyasi anakula chochote," anasema.

Kisha ikafika siku ambayo Rose alimrudishia ndoo nzima.

"Mama, haya maziwa umeyatia nini?" Rose aliuliza mbele ya wateja. "Watu wamemwaga chai yangu!"

Wegesa aliyaonja palepale. Yalikuwa machungu kama dawa. Alirudi nyumbani akasugua ndoo kwa majivu na kubadilisha vibuyu, lakini uchungu haukutoka. Senta maneno yakaenea kwamba anachanganya maziwa na vitu. Kwa miezi mingi hakuuza hata kikombe.

"Nilikuwa napita njia ya nyuma nisikutane na watu," anakumbuka. "Kuitwa tapeli wa maziwa, mimi!"

Jibu lilikuja na Huruma, afisa mifugo kijana aliyefika kuchanja ng'ombe. Alimwamkia shikamoo, akatazama malisho, akasimama.

"Mama, hilo ni gugu karoti. Ndilo linalotia uchungu kwenye maziwa," alimwambia. "Linapenda ardhi iliyo wazi. Nyasi zikiwa nene, halipati nafasi. Utang'oa kila siku, lakini kama hamjapumzisha malisho litarudi."

Kung'oa hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kupumzisha. Mumewe, Werema, alikubali kuuza madume mawili ili mifugo ipungue na nusu ya malisho izungushiwe miiba. Heche hakutaka kusikia. Ng'ombe wake aliwatunza kwa ajili ya mahari ya mwanawe.

"Shemeji, nikifunga hapo ng'ombe wangu wale mawe?" alifoka. "Hayo ni majani tu!"

Mara mbili Wegesa alikuta miiba imesogezwa na ng'ombe wa Heche wako ndani. Hakugombana. Aliirudisha, akaendelea kung'oa.

Kilichomgeuza Heche ni wageni. Wakwe watarajiwa walipokuja kuzungumzia mahari, mkewe aliwapikia chai ya maziwa. Mzee wao alipiga funda moja, akaweka kikombe chini taratibu, akaomba maji. Wengine nao wakaomba maji.

"Mimi nikanywa ya kwangu yote, nikijifanya sijui," Heche anasimulia, akicheka hadi anashika tumbo. "Ulimi ulikufa ganzi! Kesho yake asubuhi nilikuwa hapa na jembe."

Wageni walielezwa, wakaelewa, na mazungumzo yakaendelea siku nyingine. Naye Heche alikata miiba ya kuziba mianya yote.

Masika yaliyofuata nyasi ziliota. Mwanzo zilikuwa chache, kisha zikafunika ardhi na kufika vifundoni. Kware wamerudi kutaga humo, na mvua ikinyesha udongo hauteremki tena hadi barabarani. Wegesa alipopeleka kikombe cha kwanza cha maziwa, Rose alikinywa mwenyewe, amesimama mlangoni.

"Lete ndoo," alisema. "Na unisamehe, mama."

Gugu halijaisha. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na kila mvua huota mengine. Wegesa hulalamikia mgongo, lakini uso wake ni wa mtu anayelala usingizi mzuri.

Msimu ujao wamepanga kufunga nusu ya pili, na majirani watatu wanaopakana na barabara wameahidi kung'oa gugu upande wao kabla halijachanua.

"Watu wananiuliza mbona siongezi ng'ombe," anasema Wegesa, akivuka kwenda upande ambao bado udongo uko wazi. "Nawaambia mwaka huu naongeza nyasi."